Wahusika Wasiogombana na Kioo

Chukua riwaya yoyote ya mapenzi au ya upelelezi iliyo karibu nawe, ndugu msomaji, ufungue ukurasa ambao msichana anaingia kwa mara ya kwanza. Nakutabiria bila kuuona. Rangi yake ni ya maji ya kunde. Macho ni ya kurembua, pua ni ya upanga, kiuno ni cha nyigu, miguu ni ya chupa ya bia, na akicheka mwanya unaonekana. Mwandishi anaanzia juu anashuka chini kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani, na akishamaliza kukagua ndipo msichana anaruhusiwa kusema neno. Kama sivyo, soda juu yangu.

Na sisi chipukizi tumeirithi kawaida hiyo bila kuuliza. Hapa Tukuyu tuko vijana wachache tunaosomeana miswada, na karibu kila mswada unaokuja mezani una ule mnada wake. Wa kaka zangu unao, sawa, hilo nalitegemea. Lakini hata wa dada zangu unao! Msichana anaandika juu ya msichana, naye anamtazama kwa macho ya mwanamume aliyeegemea ukuta wa stendi akisubiri gari la Mbeya.

Hoja yangu si kwamba sifa hizo zimechakaa, ingawa zimechakaa. Hoja ni kwamba katika hadithi zetu uzuri na ubaya ni kama kabila: mtu anazaliwa nao na anazikwa nao. Aliye mzuri ukurasa wa tatu ni mzuri hadi wa mwisho, labda augue au azeeke. Aliye mbaya amewekwa pale tuchekeshwe. Hakuna anayeamka Jumanne akaichukia miguu ambayo Jumatatu ilikuwa miguu tu. Hakuna anayebadili blauzi mara nne, akavaa ile ya kwanza, kisha akaamua kutokwenda kabisa. Katika maisha, jamani, nani hajapata siku kama hiyo?

Zinazo namna nyingi. Kwa Rungwe zinakuja na mvua. Mwezi wa saba unavaa sweta juu ya sweta, mtu mfupi anakuwa pipa na mwembamba anakuwa kigingi kilichovishwa nguo. Zinakuja msibani, maana huko ndiko shangazi wote hukutana, na salamu ya shangazi ni uchunguzi wa daktari: "Mbona umekwisha hivyo, mwanangu, unaumwa?" Au kinyume chake: "Heh, umenenepa! Mambo yamekunyookea." Yeye ametoa pongezi, wewe umebeba jiwe hadi nyumbani. Siku hizi zinakuja pia na simu. Zamani kioo kilikuwa kimoja ukutani, ukikiacha kimeachwa. Sasa kimo mfukoni na kina picha za watu wengine ndani yake.

Sasa msomaji wa miaka kumi na saba mwenye siku kama hiyo, ambaye bahati nzuri anapenda vitabu, anakwenda kabatini. Anakuta nini?

Tuanze na kitabu ambacho kila mtu anadai amekisoma. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda mrefu, na marufuku hiyo ikaipa wasomaji kuliko tangazo lolote. Ni riwaya kali na mimi naipenda. Kezilahabi ameona jambo ambalo wengi walikuwa hawataki kuliona: kwamba mwili wa Rosa si mali ya Rosa. Baba anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, shule inamchunga, wanaume wanamvizia, na mwisho mchumba anamkagua. Hakuna mahali ambapo mwili ule unapumzika kuwa wa mwenyewe. Hapo mwandishi amefaulu, tena sana.

Lakini nauliza swali la kijinga: je, Rosa asingekuwa mzuri? Nadhani kisingekuwa na hadithi. Na hili si la Kezilahabi peke yake. Katika riwaya zetu hata kuteseka kunahitaji sura. Msichana wa kawaida, mwenye meno yaliyopandana na mabega mapana ya kubeba mikungu ya ndizi, hapewi hata msiba wake. Anapewa kazi ya kuwa rafiki anayepeleka barua.

Kuna kitabu kimoja kinachokwenda kinyume, nacho hakizungumzwi vya kutosha huku kwetu bara: Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar, cha 1976. Rehema ni mtoto wa Fuad, mwenye mashamba, mtu wa ukoo wa Kiarabu. Mtoto katoka mweusi. Basi, kosa lake lote ni hilo. Baba hamtaki, nyumba inakuwa ngumu, mpaka anatoroka. Tazama alivyofanya mwandishi. Hakutuambia kwamba Rehema anajichukia kwa sababu ni mpumbavu au hana imani. Ametuonyesha chuki ile ilikotoka: sebuleni, kwenye macho ya baba, na nyuma ya baba kuna mashamba na mirathi na historia nzima ya nani alikuwa bwana na nani alikuwa mtumwa katika visiwa vile. Kioo cha Rehema kimetengenezwa na watu, kina bei, kina tarehe.

Na anatokaje humo? Hapa ndipo ninapotaka waandishi wenzangu wasome polepole, kalamu mkononi. Hatoki kwa kuambiwa kwamba weusi ni mzuri. Hakuna anayempa hotuba hiyo. Anakutana na Sulubu, mkulima, na wanalima. Mwili uliokuwa rangi tu, tena rangi yenye kasoro, unakuwa mikono na mgongo. Unachoka kwa sababu ya kazi, unashiba chakula ulichokipanda, unapendwa na mtu aliye karibu vya kutosha asiwe mkaguzi. Kitabu hakiishii kwenye raha, anayekijua anajua. Lakini zile kurasa za shamba kwangu mimi ni dawa kuliko mashairi mengi ya "Mwafrika mrembo" tuliyokaririshwa, maana yale mashairi bado yanabaki mnadani. Yamebadilisha bei tu.

Nimesema historia ina tarehe. Anayetaka kuona tarehe hizo katika maisha ya mtu halisi amsome Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na 1880, jina lake la utotoni likiwa Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye akawa akiuza vyungu, akiimba ili wateja wasikie. Mwaka 1911 akahamia mjini. Mwaka 1928 alisafirishwa hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV, na santuri hizo zikauzwa mwambao mzima. Alifariki 1950. Shaaban Robert mwenyewe ndiye aliyeandika wasifu wake, na hilo peke yake lingetosha kutufanya tukae kitako tusikilize.

Siti hakuhesabiwa kuwa mzuri wa sura. Hili si siri wala si tusi langu. Wapinzani wake walilitungia wimbo: kwamba alikuwa nani huyu, ametoka shamba na kaniki yake na vyungu vyake, tangu lini akawa mtu. Fikiria kidogo. Sisi tukisemwa na shangazi mmoja msibani tunakosa usingizi. Yeye alisemwa kwa wimbo, katika mji mdogo ambao wimbo ukitoka jioni asubuhi uko kisimani.

Jibu lake liko katika historia ya taarabu na wengi wanalijua kwa moyo, kwa hiyo silirudii hapa. Nataka tu tuliangalie kama mafundi. Kitu cha kwanza: Siti hakubisha. Hakusema "mimi ni mzuri, nyie hamuoni". Kuhusu sura na nasaba alisema tu kwamba hizo si hoja. Kisha akahamisha uwanja: kasoro ya kweli ya mtu iko kwenye akili. Wale waliokuja na mizani ya sura wakajikuta wamepandishwa wao kwenye mizani nyingine. Kitu cha pili, na hiki ndicho wahakiki wanakiruka: alijibu kwa chombo kilekile alichosemewa. Wimbo kwa wimbo. Mwili uliotukanwa ndio uliosimama, ukavuta pumzi na kutoa sauti ile. Huwezi kumsikiliza Siti akijibu huku ukiendelea kuutazama uso wake kwanza. Koo limekuwahi.

Ni ushindi mkubwa. Lakini mhakiki hatakiwi kupiga makofi tu. Nina dukuduku, nalo linanikaa rohoni kila ninapomsikia mtu akimtaja Siti kuwafariji wasichana: je, na asiye na sauti? Asiyeitwa Bombay? Kama dawa ya siku mbaya ya kioo ni kipaji, basi tumemwambia mtu wa kawaida kwamba sura yake ni deni na lazima alilipe kwa kitu kingine. Awe mchekeshaji, awe wa kwanza darasani, aimbe kwaya. Nawajua vijana wengi wa namna hiyo, wanaolipa kila siku na deni haliishi. Siti hakusema hivyo, kwa kweli. Sisi tunaomnukuu ndio tunaosema hivyo kwa niaba yake.

Kuna dawa nyingine iliyo maarufu, nayo ni kumsema mwenzako. Hapa nitawaudhi baadhi. Song of Lawino ya Okot p'Bitek, ya 1966, ambayo Paul Sozigwa aliitia kwa Kiswahili kuwa Wimbo wa Lawino, imepewa sifa zote kama utetezi wa mwili wa Kiafrika. Na kweli, Lawino anapoueleza mwili wake unaocheza ngoma, nywele zake, mafuta yake ya kwao Acholi, mtu unataka kusimama. Mume wake Ocol amemwambia ni mshamba. Lawino amejeruhiwa. Lakini angalia anavyojitibu: anamgeukia Clementine, yule mke wa kisasa, anamchambua midomo, poda, kifua, na jinsi anavyojinyima chakula ili akonde. Tunacheka. Mimi nilicheka hadi machozi. Ila Clementine anayejinyima chakula na kujipaka unga usoni si mshindi, jamani. Naye ana kioo chake, tena pengine ni kikali kuliko cha Lawino. Okot alikuwa mshairi mkubwa na nadhani aliliona hilo. Lawino ndiye anayesema, si yeye. Walimu wetu wa fasihi ndio wanaofundisha kana kwamba kicheko kile hakina mtu anayeumia chini yake.

Siasa nayo ilijaribu kwa njia yake. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Wasichana wakavamiwa mitaani Dar es Salaam hata kabla ya tarehe kufika. Wakati huohuo mashindano ya urembo, ambayo Theresa Shayo alikuwa ameyashinda 1967, nayo yakazuiwa. Yakarudi 1994. Kwa hiyo mwili wa msichana wa Kitanzania umewahi kupigwa kwa sababu ya kujiremba na umewahi kuvishwa taji kwa sababu hiyohiyo, na katikati ya fimbo na taji mkorogo haukuacha kuuzwa. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, zebaki inajulikana kuharibu figo, na bado unawaona watu wenye uso wa rangi moja na vifundo vya vidole vya rangi nyingine. Vifundo havidanganyi. Hapo ipo riwaya nzima, na sijaona aliyeiandika bila kumkejeli mhusika wake. Toni Morrison wa Marekani, katika The Bluest Eye ya 1970, alimchukua mtoto mweusi anayeomba apewe macho ya buluu, na hakumcheka hata mara moja. Hicho ndicho kipimo.

Na wanaume? Tunajifanya hayatuhusu. Mashujaa wa Elvis Musiba na Ben Mtobwa walitufunza kwamba mwanaume ni kifua na ngumi, na kijana kimbaumbau anayesoma vile vitabu usiku kwa taa ya chemli asubuhi anajipima mikono. Tena kwa wanaume na wanawake wa umri wa kaka zetu wakubwa, wembamba ulikuwa na hofu yake pekee. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walijulikana Kagera mwaka 1983, na kufikia miaka ya tisini mkoa wetu wa Mbeya ulikuwa umeumizwa vibaya. Mtu akikonda kwa malaria au kwa mawazo tu, mtaa ulishamzika. Ukimsikia shangazi anauliza "mbona umekwisha?" kwa sauti ile ya chini, kumbuka anauliza akiwa na makaburi kichwani. Swali lake ni la upendo na linaumiza. Mwandishi anayeweza kuviweka vyote viwili katika sentensi moja ya mazungumzo, huyo nitamnunulia kitabu chake hata kama sina nauli.

Nimeahidi kutafuta kabatini, basi niende rafu ya chini kabisa, kwa mtu ambaye hatumtarajii. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Wasomaji wa leo, hasa dada zetu, wanaukasirikia kwa sababu unamfundisha binti kumtii mume na kujipamba kwa ajili yake. Hasira hiyo naielewa na siitetei sehemu ile. Lakini mwanamke huyo alikuwa mgonjwa alipoutunga, na hakuishi miaka mingi baada yake. Mtu aliye kitandani, mwili wake mwenyewe unamtoka, anamweleza mtoto juu ya kuoga, kusuka nywele, hina, asumini na manukato. Hasemi "wewe ni mzuri". Hasemi "sura si kitu". Anasema, kwa maneno yangu: utunze. Kwake mwili ni kama nyumba, unafagiwa leo kwa sababu ni leo, hata kama wageni hawaji. Ondoa mume katika yale mafunzo, au mwache akae pembeni kidogo, utabaki na kitu ambacho riwaya zetu hazina: kazi ndogondogo za mtu na mwili wake, saa kwa saa, bila mnada.

Kwa hiyo ninachokitafuta ninaposoma miswada ya wenzangu ni saa hizo. Usiniambie mhusika wako ni mzuri au mbaya. Niambie alipoamka amechukia mikono yake alifanya nini saa mbili, na saa nne, na saa nane mchana. Nani alimtuma dukani? Alipita njia gani ili asionwe? Maji ya kuoga yalikuwa ya moto au alikosa kuni? Siku hizo huwa hazishindwi kwa hoja. Mara nyingi zinapita tu, mtu akiwa anafanya kitu kingine, na mwandishi mzuri anajua ni kitu gani.

Nina mfano, nao umetoka papa hapa kwetu. Mwenzetu mmoja ameleta sura ya kwanza ya hadithi yake. Msichana ameshinda chumbani kwa sababu ya picha ya kipaimara ambayo mpigapicha ameileta, na humo anajiona mnene kuliko wote. Mvua inanyesha. Bibi yake anaita: gari la ndizi limefika, mikungu iko bondeni. Msichana anavaa sweta la kaka yake, kubwa, la mitumba, lenye jina la timu asiyoijua, anashuka kwenye matope. Anabeba mkungu wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu mwandishi anaandika kwamba mabega yake "yaliujua" ule mkungu. Neno moja tu, na mabega yaleyale yaliyokuwa aibu pichani. Bibi anasema ndaga, anampa ndizi ya kuchoma, na msichana anaila akiwa amesimama chini ya paa la jikoni, maji yakimchuruzika.

Kasoro zimo. Bibi anaongea mno, kwa methali, kama redio. Yule mpigapicha ni mbaya bila sababu. Na mwandishi, baada ya ndizi kuliwa, ameongeza aya nzima kutuambia kwamba msichana sasa alijikubali jinsi alivyo. Nimemwomba aifute. Amekataa, tumebishana hadi Jumamosi iliyopita, akaniuliza kama si hivyo basi msichana afanye nini na ile picha iliyobaki kitandani. Nikamjibu sijui, hadithi ni yako. Nasikia ameandika sura ya pili, na picha bado ipo, imegeuzwa uso chini, juu yake pamewekwa kikombe cha chai.